Deni la Aliyeishia Njiani

Kila mwaka, vyuo vikuu vyetu vinapokaribia kufunguliwa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutangaza awamu ya kwanza ya waliopangiwa mikopo, kisha ya pili, kisha ya tatu. Idadi hutajwa, mabilioni hutajwa, viongozi hupigwa picha. Sina ugomvi na sherehe hiyo. Bajeti ya mikopo ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25, na mtu asiyeona kuwa hiyo ni hatua amechagua kutoona. Hata hivyo, sijapata kusikia ikitangazwa awamu ya walioondoka. Hakuna mkutano wa waandishi wa habari kwa ajili ya kijana aliyepokea bumu la kwanza mwezi Novemba na ambaye kufikia Februari kitanda chake bwenini kilikuwa kimeshalaliwa na mwingine.

Makala haya yanamhusu huyo. Nasema, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba utaratibu wetu wa mikopo umejengwa kwa ajili ya mtu anayehitimu. Aliyeishia njiani hakufikiriwa, isipokuwa kwa jambo moja tu: kudaiwa. Anadaiwa hata alichokuwa hajakipata, na chuo kilichobaki na fedha hiyo hakiulizwi neno.

Nafundisha mbali na kwetu, lakini kwetu ni Buseresere, wilayani Chato, na ni huko ninakojifunzia mambo haya kuliko katika vikao vya chuo. Msomaji asiyeufahamu mji huu aifuate barabara kuu itokayo Mwanza, apite Geita mjini, aendelee kuelekea Biharamulo. Atafika Katoro, na kabla hajatambua kuwa Katoro imekwisha atakuwa yuko Buseresere. Miji hii miwili imeshikana kama mapacha, ingawa kiserikali mmoja uko wilaya ya Geita na mwingine wilaya ya Chato. Hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Chato ilikuwa sehemu ya Kagera, kwa hiyo wazee wetu walikuwa wakivuka mkoa kwa kuvuka barabara kwenda kununua chumvi. Huko nyuma watu waliishi kwa pamba na ng'ombe. Siku hizi kila kitu hupimwa kwa dhahabu: kodi ya chumba, mahari, bei ya pikipiki. Nje kidogo ya mji makarasha huponda mawe mchana kutwa, na vumbi lake hutua juu ya nguo zilizoanikwa.

Hapo ndipo tofauti yetu na mikoa mingine inapoanzia. Mwanafunzi wa sehemu nyingi za nchi hii akikwama chuoni hurudi nyumbani akiwa na aibu na bila kazi. Wa Buseresere akikwama, dhahabu inamsubiri. Kuna mjomba mwenye duara, kuna jirani mwenye mwalo, kuna rafiki wa darasa la saba ambaye hakwenda popote lakini sasa ana Toyota. Soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo alipata mahali halali pa kuuzia, na tangu hapo hesabu ya kijana imekuwa ngumu zaidi: avumilie miaka mitatu ya mkopo usiotosha ada yote, au ashuke shimoni wiki hii na Jumamosi awe na fedha mkononi? Wakubwa huita hiyo tamaa. Mimi naiita hesabu, tena mara nyingi ni hesabu inayofanywa na familia nzima usiku, baba akiwa amevunjika mguu na mama akiwa hana wa kumpeleka kliniki.

Likizo iliyopita nilipita katika mialo iliyo nje ya mji, pale wanapoosha mawe yaliyosagwa na kuuza marudio kwa wenye mitambo mikubwa. Kijana mmoja aliyevaa buti za mpira alininyanyulia mkono wenye matope. "Shikamoo, mwalimu." Nilimwitikia, nikamwambia sura yake naifahamu lakini jina limenitoka. Akacheka, akasema ni mtoto wa fulani, na kwamba mwaka uliopita alikuwa chuoni. Chuo chenyewe sitakitaja, wala si kile ninachofundisha. Alikaa wiki sita. Gema lilimwangukia baba yake, akaitwa nyumbani, akaja. Alimwaga mwenzake wa chumbani na kiongozi wa darasa, basi. Wengine wote, kuanzia mkuu wa idara hadi afisa mikopo wa chuo, walimjua kwa kutomwona.

Nilimwuliza mkopo wake aliufanyaje. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kijinga. "Mwalimu, mimi si sikumaliza? Nitadaiwaje kitu ambacho sikukimaliza?"

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu elimu ya juu. Kwa mantiki ya sokoni kijana yule yuko sawa kabisa. Ukinunua gunia la mahindi ukaletewa nusu, unalipa nusu. Ukipangisha chumba kwa miezi sita ukahama mwezi wa pili, unagombana na mwenye nyumba, lakini angalau mna jambo la kugombania. Katika mkopo wa elimu ya juu hakuna ugomvi. Kuna sheria, na sheria inasema vingine.

Sheria ya Bodi ya Mikopo, Namba 9 ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2016, inamtaka mnufaika aanze kurejesha mkopo baada ya miezi 24 tangu kuhitimu au kusitisha masomo. Naomba msomaji atulie kidogo juu ya neno "au". Limewaweka watu wawili katika sentensi moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza ana shahada, ana matokeo ya kumwonyesha mwajiri, ana haki ya kujiita mwalimu au mhandisi. Wa pili ana kitambulisho cha chuo kilichokwisha muda. Saa yao inaanza kuhesabu kwa namna ile ile na inalia siku ile ile. Ajuaye kwamba ameajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyejiajiri, na hapa ndipo mchimbaji wetu anapohesabiwa, atatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi.

Shilingi laki moja kwa mwezi, hata mwezi ambao duara halikutoa kitu! Wanaoijua kazi ya uchimbaji mdogo wanajua kuwa miezi ya namna hiyo ni mingi kuliko ile mingine. Watu huchimba miezi minne wakila kwa mkopo wa mwenye duara, mwezi wa tano wakapata mawe, na mgawo ukiisha kukatwa gharama za matimba, baruti, chakula na kusagia, aliyeshuka chini anabaki na kitu kidogo. Sheria iliyoandikwa ikimfikiria wakili au mfamasia mwenye duka imemfuata mtu huyu hadi mwaloni bila kubadilisha nguo.

Sasa tuingie kwenye namba, maana bila namba mjadala huu huwa wa kulaumiana tu. Chukulia mwanafunzi mwenye ada ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka, aliyepangiwa mkopo wa ada yote. Bodi hupeleka ada ya muhula wa kwanza chuoni moja kwa moja: shilingi 750,000. Yeye mwenyewe hupokea fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Ongeza shilingi 200,000 za vitabu na viandikwa. Jumla ni shilingi 1,550,000. Akiondoka mwishoni mwa wiki ya sita, katika muhula wa wiki 15, amesoma asilimia 40 tu ya muhula. Fedha ya chakula aliyopokea inazidi siku alizokaa kwa siku 18, sawa na shilingi 180,000, na hiyo airudishe, simtetei hata kidogo. Vitabu kama alinunua, alipe. Lakini ile 750,000? Hakuigusa. Haikupita hata katika simu yake. Kwa wiki sita za mafundisho, sehemu yake halali ni shilingi 300,000. Zilizobaki, 450,000, ni bei ya wiki tisa ambazo hakuna aliyemfundisha, kiti chake kikiwa kitupu au kimekaliwa na mwingine. Fedha hiyo iko chuoni. Deni liko Buseresere.

Kuna nchi zilizolitazama jambo hili usoni. Marekani, ambayo kwa mikopo ya wanafunzi si mahali pa kwenda kujifunzia huruma, ina kanuni ya serikali kuu kwamba mwanafunzi akiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, msaada wake wa fedha hukokotolewa kwa siku. Aliyekaa asilimia 40 ya muhula amestahili asilimia 40 ya msaada. Uliobaki haujastahiliwa, na chuo hutakiwa kurudisha sehemu yake ndani ya siku 45 tangu kilipobaini kuwa ameondoka. Nisiupambe utaratibu huo: chuo kikishairudishia serikali, mara nyingi humgeukia mwanafunzi na kumpelekea ankara ya ada ile ile. Pamoja na ubaya huo, serikali imekataa jambo moja la msingi, nalo ni kujifanya kwamba wiki sita ni sawa na wiki 15. Huko Uingereza, ada ya mwanafunzi mwenye mkopo hulipwa chuoni kwa vipande vitatu, asilimia 25 muhula wa kwanza, 25 wa pili na 50 wa tatu, hivyo anayeondoka mapema huondoka na deni la mihula aliyoianza. Zaidi ya hapo, haanzi kulipa hadi kipato chake kivuke kiwango kilichowekwa. Asipokivuka hadaiwi senti mwezi huo, awe amehitimu au hakuhitimu.

Kiwango cha kipato! Hicho ndicho tunachokikosa. Sisi tumeweka sakafu ya malipo mahali ambapo wenzetu wameweka sakafu ya kipato.

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa nimeshapewa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu. Dawa ya deni ni kulipa. Fedha hii si sadaka, ni jasho la mlipa kodi, na inatakiwa izunguke ili mdogo wake aliyeko kidato cha sita naye akopeshwe. Anayeacha chuo kwa hiari yake na kukimbilia machimboni asitarajie mkulima wa Kondoa amlipie.

Nakubaliana na kila neno, ila "kwa hiari yake". Na hata nikilikubali hilo, hoja haisogei mahali wanapotaka isogee. Kama fedha ya umma lazima irudi, basi irudi kutoka kwa kila aliye nayo. Chuo kilichopokea ada ya muhula mzima na kufundisha wiki sita nacho kimeshika fedha ya mkulima wa Kondoa. Kwa nini mkali huyu wa mali ya umma ananyamaza pale mdaiwa anapokuwa taasisi yenye mhasibu, mwanasheria na akaunti ya benki, na kupaza sauti pale anapokuwa mtoto wa miaka ishirini mwenye buti za mpira? Ni rahisi zaidi kumdai mnyonge, hilo nalijua. Lakini tusiuite urahisi huo uzalendo.

Vyuo navyo vina utetezi wao. Husema vimeshaajiri wahadhiri na kununua vifaa kwa idadi ya waliosajiliwa, na kwamba mtu mmoja akiondoka gharama haipungui. Ni kweli kwa mtu mmoja. Ndiyo maana nchi nyingine zimeweka mpaka: ukishavuka sehemu fulani ya muhula, ada yote ni ya chuo. Hapo chuo kinalindwa, na mwanafunzi anajua siku yake. Sisi hatuna siku. Tuna ukimya, na ukimya huo humnufaisha aliyeshika fedha.

Kuna mfano ambao Mwalimu Nyerere aliutoa bungeni mwaka 1964 na ambao viongozi wetu hupenda kuurudia. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila chakula kile na asirudi na msaada, alisema, ni msaliti. Ni mfano wenye nguvu, nami huutumia darasani. Lakini una mtu mmoja aliyeachwa nje: yule aliyekula tonge mbili, akatembea nusu siku, akaanguka njiani kwa homa au akaitwa arudi kwa sababu nyumba yao inaungua. Huyo kijiji kimwiteje? Sheria yetu imeshamwita. Imemweka na msaliti, na imemwandikia chakula chote, pamoja na kile kilichobaki ghalani.

Na si kila aliyeondoka aliondoka kwa miguu yake. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walitakiwa na serikali kuondoka chuoni kwa muda mfupi sana, wengi wakiwa na mabegi kichwani na bila nauli. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, mwana wa wilaya yetu hii ya Chato, aliwatetea waliofanya uamuzi huo na kusema hawezi kuwaacha vilaza wale mkopo wa wenye sifa. Baadaye baadhi walihamishiwa vyuo vya ualimu na wengine wakabaki nje. Mtu anaweza kubishana hadi kesho kama walistahili kudahiliwa. Lisilobishaniwa ni kwamba hawakujidahili wenyewe. Serikali iliwaita, ikawapa mkopo, ikawarudisha. Kwa neno lile dogo "au", kusitishiwa masomo ni sawa na kusitisha. Nilikuwa nikitafakari hilo siku napita Chato kuelekea uwanja wa ndege: wilaya imejengewa mengi, lakini sikumbuki hata mara moja kusikia katika mikutano yetu ya hadhara mtu akiuliza vijana wa Dodoma walisimamaje na madeni yao.

Nirudi kwa aliyeondoka mwenyewe, kwa sababu kisa chake hakiishii kwenye deni. Tuseme baba amepona, duara limekauka, na kijana anataka kurudi darasani. Miongozo ya uombaji ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mnufaika wa zamani aliyeacha masomo awe amerejesha angalau asilimia 25 ya mkopo aliopokea ndipo aombe upya. Kwa mfano wetu ni shilingi 387,500. Miongozo hiyo hiyo imekuwa ikimtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Kila sharti likisimama peke yake lina sababu yake. Yakisimama pamoja ni mlango na komeo. Muda anaoutumia kutafuta robo ya deni ndio muda unaommalizia miaka yake mitano, na siku atakapokuja na risiti mkononi ataambiwa amechelewa. Halafu tunajiuliza kwa nini hawalipi! Analipa ili apate nini? Ukimwonyesha mtu kwamba kulipa kunamfungulia mlango, atauza pikipiki. Ukimwonyesha kwamba kulipa hakubadilishi kitu, atabadilisha laini ya simu.

Na huko machimboni kubadilisha laini ni jambo la dakika tano. Mikono ya sheria ni mirefu kwa aliyeajiriwa, kwani mwajiri ndiye anayekata. Kwa mchimbaji asiye na mwajiri wala leseni kwa jina lake, mikono hiyo ni mifupi mno. Kwa hiyo sheria hii kali haikusanyi fedha kwa watu hawa. Inachokusanya ni woga. Kijana anajificha, anakwepa ajira rasmi hata ikipatikana, kwa kuwa mshahara wa kwanza utamfichua. Mdogo wake akifika kidato cha sita, nyumbani wanaogopa fomu. Mdhamini aliyetia sahihi katika mkataba wa mkopo mara nyingi ni mama, naye hakusoma alichokitia sahihi. Aliambiwa aweke jina lake ili mtoto asome, akaliweka.

Lililo baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kwamba sehemu kubwa ya madhara haya yangeepukwa kwa karatasi moja. Ipo tofauti kati ya kuahirisha masomo na kutoweka, na tofauti hiyo haifundishwi popote. Mwanafunzi mwenye sababu ya ugonjwa, msiba au mtihani mwingine wa maisha anaweza kuomba chuo kimruhusu kuahirisha. Akikubaliwa, chuo huiarifu Bodi, mkopo husimama badala ya kufa, na akirudi huendelea alipoishia. Aliyetoweka hufutwa usajili. Wawili hawa huenda walipatwa na jambo lile lile juma lile lile. Mmoja alikuwa na shangazi aliyewahi kusoma chuo, mwingine hakuwa naye. Wanafunzi wanayo misamiati yao ya kila aina ya kuanguka, wakisema fulani "amedisko" au "ana sapu", lakini hawana neno la kuondoka kwa heshima, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba jambo hilo linawezekana. Wiki ya mapokezi huwafundisha kutumia maktaba, kujikinga na magonjwa na kuimba wimbo wa chuo. Dakika kumi za kueleza namna ya kuondoka bila kuangamia hazijapata kupatikana.

Tangu mwaka 2023/24 mikopo imefika hadi kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na uchimbaji madini ni mojawapo. Nimelipokea kwa furaha; mkoa kama wetu ndio hasa unaohitaji mafundi wa miamba waliosoma. Lakini fikiria kijana wa Katoro anayesomea madini kwa mkopo huku ndugu zake wanachimba madini bila kusoma. Hakuna mwanafunzi katika nchi hii aliye karibu zaidi na mlango wa kutokea. Tumempanua wigo wa mkopo bila kumpanulia wigo wa sheria.

Asiniambie mtu kwamba sheria hii ni msahafu. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni ya watu mwaka hadi mwaka, ilitetewa kwa hoja nzito za kiuchumi hadi tarehe 1 Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mjini Mwanza kuwa inafutwa. Bodi haikufilisika. Waliokuwa wakisema haiwezekani walipiga makofi pamoja na sisi wengine.

Kwa hiyo Bunge lifanye hili. Liitenganishe sentensi ile: aliyehitimu awe na kifungu chake, na aliyesitisha awe na chake, ambamo deni la ada litahesabiwa kwa siku alizosoma na chuo kirudishe kwa Bodi fedha ya siku zilizobaki, hadi mpaka wa muhula utakaotajwa kwa tarehe. Chuo kisiruhusiwe kumfuta mtu usajili kwa kutoonekana kabla hakijamtafuta kupitia mdhamini wake, kwani namba ya simu ya mdhamini imo katika fomu. Ile sakafu ya shilingi 100,000 iondolewe kwa asiye na kipato kinachoifikia, na aliyeishia njiani apewe nafasi moja ya kurudi bila sharti la robo wala hesabu ya miaka mitano, deni lake la zamani likiunganishwa na jipya. Robo ile atailipa akiwa na shahada, na atailipa kwa urahisi zaidi. Gharama ya haya yote kwa Hazina ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachodhani tunakidai leo hatutakipata kamwe kwa njia tunayoitumia.

Bunge lina ratiba yake, na muhula hausubiri. Wewe uliyeko bwenini na simu ya nyumbani imeingia usiku huu, usipande basi kabla hujaandika barua. Ukurasa mmoja unatosha. Mwandikie mkuu wa chuo kupitia mkuu wa idara, taja namba yako ya usajili, taja sababu, taja tarehe unayoondoka na tarehe unayotarajia kurudi, omba kuahirisha masomo, na nakala uipeleke kwa afisa mikopo. Ambatanisha karatasi ya hospitali kama ipo. Kama haipo, barua ya mwenyekiti wa kijiji itafuata. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uikunje, uiweke ndani ya begi na si mfukoni.